Sikio la Kulia

Mwaka 1971, masika yakielekea ukingoni na mpunga ukiwa umeanza kuinamisha masuke, mimi nikiwa na umri wa miaka saba na miezi miwili, bega langu la kulia lilitoka mahali pake kwa mara ya kwanza. Daktari aliyenihudumia mwaka jana aliniuliza, "Mama, lilitoka lini mara ya kwanza?" akitarajia nimjibu, "Zamani, mwanangu," kama wajibuvyo wengi wa rika langu. Nilimtajia mwaka, msimu na umri. Akaacha kuandika, akanitazama. Sikumweleza kwamba mtu aliyewahi kunyimwa umri wake hujifunza kuushika asiupoteze tena.

Kilichonipeleka kwake ni kamba ya kuanikia nguo. Nyumbani kwetu Mikumi, marehemu mume wangu aliifunga kamba hiyo chini, usawa wa kifua changu, tangu juma tulilohamia. Wageni walipita wakiinama na kuguna, na kila aliyeuliza alijibiwa jibu moja: "Hapa anaanika mke wangu, si twiga." Tulipomaliza arobaini yake, vijana wa ukoo waliotoka Kidodi kutusaidia usafi waliikuta kamba ile imelegea kwa uzee, wakaipandisha na kuikaza vizuri, kwa nia njema kabisa. Asubuhi iliyofuata nilitoka na shuka lililolowa. Kwa miaka yote ya ndoa mkono wangu ulikuwa umesahau kuogopa kamba. Niliuinua, na bega likatoka.

Daktari alikuwa binti mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo kabla ya kunigusa, akaagiza picha kwanza ili aone kama hakuna mfupa uliovunjika, akanipa dawa ya kutuliza maumivu, ndipo akalirudisha bega taratibu, bila haraka wala kishindo. Baadaye alinieleza kwa mfano wa mezani. "Bega, Mama, ni chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Nyonga imezama ndani ya kikombe, haitoki ovyo. Bega limepewa uhuru wa kuzunguka kila upande, na kinacholishika ni kano na misuli tu. Likitoka mara moja utotoni au ujanani, kano hulegea au huchanika, na mlango hubaki wazi." Kisha akaniomba nikunje kidole gumba cha kushoto kuelekea kifundo cha mkono, nacho kikaenda kikalala juu ya mkono bila kulalamika. Akatabasamu. "Ulizaliwa na viungo vilegevu. Wewe ulihitaji mkono ufungwe upumzike, kisha mazoezi ya kukaza misuli, miezi na miezi. Upasuaji ni kwa wale ambao mazoezi yameshindwa."

"Na mtoto wa miaka saba?" nilimuuliza.

"Mtoto wa miaka saba angeinua mkono huo kama wenzake, Mama."

Nilirudi nyumbani mkono ukiwa umefungwa kifuani, na sentensi ile niliibeba mimi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kunibebea chochote.

Shamba letu lilikuwa bondeni, upande wa Mvumi, mahali ambapo maji ya masika hukawia kuondoka na tope lina harufu ya chuma na majani mabichi. Siku hiyo ya mwaka 1971 nilikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti tulilojengewa watoto ili tukae juu na kuamia ndege. Kundi la kwelea liligeuka ghafla nyuma yangu. Nikageuka nalo, mguu ukateleza, na mkono wangu wa kulia ukadaka mti wa juu. Mwili wote ukabaki ukining'inia kwenye mkono mmoja. Nilisikia mlio mdogo, kama muwa unapovunjwa kwa goti, na nilipofika chini mkono ule haukuwa wangu tena. Ulining'inia mbele yangu kama kitu nilichokabidhiwa nikishike.

Aliitwa Babu, baba yake Mama, aliyekuwa fundi wa mifupa na kujulikana hadi vijiji vya juu ya mto. Alifika na kifuko chake cha dawa na utani wake.

"Mke wangu," alisema akichutama mbele yangu, "nani kakutengua?"

"Nimeanguka, Babu."

"Umeanguka! Mke gani huyu anayeruka na kwelea? Nilisema nikuoe mapema nikufungie ndani, wakanicheka."

"Baba, mtoto anaumia," Mama alisema.

"Najua anaumia. Akilia, bega linakaza. Akicheka, linalegea. Niache na mke wangu." Akaupachika wayo wa mguu wake kwapani mwangu, akanishika kiganja. "Sikiliza. Mahari yako nimekwisha kuwapa wazazi wako: jogoo mmoja, kilema, haoni jicho moja, na usiku anawika. Unasemaje?"

Nikacheka huku machozi yakinitoka, naye akavuta. Bega likaingia. Alilifunika kwa majani ya mnyonyo yaliyopashwa moto, akaufunga mkono kifuani kwa upande wa kanga, akamgeukia Mama. "Mkono huu ulale mpaka mpunga wote uingie ghalani. Usipande juu ya bega. Kilichotenguka hukumbuka njia."

Ndivyo nilivyolijua neno hilo, kutenguka, na kwa miaka mingi lilikuwa kwangu neno la maumivu tu.

Mama aliitii amri ya Babu kwa kadiri mavuno yalivyomruhusu. Lakini mpunga ulioiva haumsubiri mtu, ndege wanausubiri. Kabla hata nusu ya shamba haijakatwa, Mama alikifungua kitambaa, akaniambia kwa upole, "Tumia taratibu, mwanangu." Nikatumia. Nilibeba, nilivuta, nilipepeta. Simlaumu. Nilipokuja kuwa mama mwenye shamba langu mwenyewe nilielewa kwamba mkono mmoja wa mtoto, wakati wa mavuno, ni mkono wa mtu mzima. Ninachosikitikia ni kwamba kati ya watu wote walionipenda, hakuna aliyejua kuwa kazi ya Babu ilikuwa nusu ya tiba, na kwamba nusu ya pili ilikuwa subira.

Ikaja vuli ya mwaka uleule, na pamoja nayo uandikishaji wa darasa la kwanza. Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka mtihani wetu wa kwanza, tulioufanya kabla ya kujua mtihani ni nini. Wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa, na wazazi walihesabu umri kwa njaa na kwa mafuriko. Kwa hiyo mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyeligusa alikuwa amefikia umri wa shule. Asiyeligusa alirudi nyumbani kukua.

Baba alinipeleka mwenyewe. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, kama mtu anayekwenda kuposa. Baba alikuwa mtu wa adabu kali, anayemsalimia hata mdogo wake kwa kusimama. Mkono wa kushoto, nyumbani kwetu, ulikuwa na kazi zake za faragha, na haukupaswa kuonekana mbele ya mkubwa: kwa kula, kwa kupokea, kwa kuaga, hata kwa kuelekeza njia.

"Inua mkono, gusa sikio," alisema mwalimu mkuu, mtu mnene, mpole, mwenye foleni ndefu ya watoto mbele yake na madawati machache nyuma yake.

Niliinua wa kulia. Ulipopita usawa wa bega nilihisi chungwa likianza kuteleza juu ya kisahani chake, ingawa wakati huo sikuwa na mfano huo. Nilijua tu kwamba likitoka mbele ya watu nitalia, na Baba atafedheheka. Nikaushusha. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuwa mwanafunzi kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, mkono wa kushoto ukapanda wenyewe. Vidole vilikuwa vimekwisha kufika kwenye nywele, katikati ya utosi.

"Mkono gani huo?" Baba aliuliza.

"Wa... wa kushoto, Baba."

"Unamwonyesha mwalimu mkono wa chooni? Shusha."

Nikaushusha. Mwalimu mkuu akacheka kwa wema. "Usimgombeze, mzee. Bado mdogo huyu, mkono haujafika. Mrudishe mwakani."

Baba hakutamka lolote kuhusu bega. Binti anayetajwa kuwa na kilema mbele ya watu hutajwa hivyo hadi siku ya posa, na Baba alikuwa akiilinda siku hiyo, iliyokuwa mbali mno, kwa kuitoa ile iliyokuwa mbele yetu. Alimshukuru mwalimu kwa mikono yote miwili, tukaondoka.

Njiani sikulia, kwa kuwa nilikuwa nikifikiri. Mwalimu alikuwa ameupima umri wangu mkononi, akaukuta haupo. Basi umri, nikaamua, hukaa mkononi, ndani ya bega, kama nafaka ndani ya kihenge. Na mimi nilikuwa nao. Mama alisema nimetimiza miaka saba, na Mama hasemi uongo. Kwa hiyo miaka yangu ilikuwa imemwagika siku lile bega lilipofunguka. Ilikuwa imeangukia chini ya dungu.

Kesho yake nilikwenda kuitafuta. Shamba lilikuwa limebaki mabua makavu na nyufa za tope. Sikujua miaka inafananaje. Nilidhani huenda ni kama shanga, labda nyeupe. Nilichimbua kwa kijiti kuizunguka miguu ya dungu, nikapata makombe ya konokono, mfupa wa ndege na kifungo cha shati. Kifungo nilikihifadhi. Babu alipopita jioni na kunikuta nimejaa vumbi, aliuliza, "Mke wangu, umepoteza hereni?"

"Natafuta miaka yangu, Babu. Iliangukia hapa nilipotenguka."

Babu hakunicheka, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu. Alichutama, akachimbua kidogo upande wake. "Ya kwangu nayo iliangukia huku huku," alisema. "Ukiipata nyingi, nigawie."

Mwaka 1972, vuli tena, Baba alinirudisha. Safari hii niliazimia kulifikia sikio hata kama nitakufa. Niliuinua mkono kwa nguvu na kwa haraka, na bega likatoka lote, mbele ya foleni nzima. Kelele zangu ziliwafanya waliokuwa madarasani wachungulie madirishani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Bawa! Tazameni bawa la kuku!" na jina hilo likanishika kwa muda mrefu kuliko maumivu. Baba alinibeba hadi nyumbani kwa Babu. Bega liliporudi ndani, alisema sentensi moja tu: "Mtoto wangu si ngoma ya kutazamwa." Mwaka 1973 hakunipeleka. Mwaka 1974 hakunipeleka.

Niliisikia shule kutoka shambani. Upepo wa asubuhi ulileta sauti za watoto wakiimba hesabu, na nilizijua hesabu hizo kwa wimbo kabla sijazijua kwa maana. Zaituni, binti wa mjomba, ambaye tulikuwa tukivaa magauni ya kitambaa kimoja, alipita kila siku na madaftari yake kichwani. Jioni alinifundisha herufi kwenye majivu ya jikoni. Alishika kidole changu cha kulia akakiongoza, nami niliandika hadi akachoka yeye, si mimi. Jambo hili ndilo linaloniuma zaidi kila ninapolikumbuka: kuandika hakuhitaji mkono upite bega. Mkono uliokataliwa shule kwa kushindwa kulifikia sikio ungeweza kuandika kutwa nzima.

"Mbona hawakuulizi herufi?" Zaituni aliniuliza siku moja.

"Wanauliza sikio kwanza."

"Basi sikio lako lina kiburi," alisema, "linataka kufuatwa."

Zaituni alipofika darasa la nne tulianza kukosa la kuzungumza. Yeye alikuwa na ramani na mito ya mbali. Mimi nilikuwa na mto mmoja, na nilikuwa nikiuchota.

Mwishoni mwa mwaka 1975 alihamishiwa kijijini mwalimu mkuu mwingine, mwembamba na mwenye maswali mengi. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akizungumza na mtu wa ofisi, alimwomba Baba ruhusa, akajifunga kanga mpya, akanipeleka kwake. Yule mwalimu alinitazama kwa masikitiko. "Mama, huyu amekwisha kupita umri wa darasa la kwanza. Ana miaka kumi na moja." Mama akamjibu kwamba ndiyo, anayo, na akamtajia mwezi niliozaliwa. Mwalimu akasema kwamba jambo hilo halimo mikononi mwake. Angelipeleka mbele ya kamati ya shule, na mzazi wa kiume afike.

Baba alifariki mwaka 1988. Kati ya siku ninayotaka kuieleza na siku tuliyomzika, hatukuwahi, mimi na yeye, kuuzungumzia mkono wa kushoto. Nilimaliza darasa la saba nikiwa mkubwa kuliko wote; nikasoma zaidi nikiwa tayari mke wa mtu, na mume wangu ndiye aliyenishikia taa. Mara nyingi nilikusudia kumwambia Baba kwamba nilielewa: kwamba mtu hawezi kuikana adabu aliyorithi kwa sababu tu mbele yake kuna foleni. Nilikuwa nikisubiri aanze yeye, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Nadhani naye alikuwa akisubiri nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Hivyo nasi, kama wale wa foleni wasiolifikia sikio, hatukufika. Laiti daktari yule angelikuwa amezaliwa mapema, angetuambia wote kwamba bega lilihitaji muda, na kwamba wakati linapewa muda huo palikuwa na mkono mwingine.

Kamati ilikaa Jumatatu, tarehe 12 Januari 1976, ndani ya darasa lenye harufu ya chaki na popo. Mwenyekiti alikuwa mkulima mzee mwenye sauti ya chini. Mwalimu mkuu alieleza kwamba kanuni ya umri ni kanuni, na madawati ni machache. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nilisimama kati ya wazazi wangu, na nilijua kutokana na vichwa vile kwamba nikitoka hapo bila jina langu kuandikwa, sitarudi tena.

Ndipo Mama akaomba kusema.

"Mwaka sabini na moja mlisema hajaufikia umri. Leo mnasema ameupita. Naomba mnionyeshe siku aliyokuwa sawa, nikamlaumu aliyelala siku hiyo."

Mjumbe mmoja alicheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia Baba. "Kwa nini hakuligusa sikio?"

"Bega lake la kulia hutenguka, Mwenyekiti. Akiuinua mkono, hutoka." Ilikuwa mara ya kwanza Baba kulitaja mbele ya watu, na alilitaja akiwa amesimama wima.

"La kulia. Na la kushoto?"

"La kushoto ni zima."

"Sasa, ndugu yangu, ulikosa nini?"

"Niliogopa kukosa adabu," Baba alisema.

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, na nadhani alikuwa akiukumbuka mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakumkaripia. Alizungumza kidogo na mwalimu mkuu, akazungumza kidogo na wajumbe, kisha akasema kwa sauti rasmi, "Uamuzi wa kumkataa mtoto huyu umetenguliwa."

Nililishika bega langu kwa haraka, nikarudi nyuma. Neno lile nililijua. Wajumbe walishangaa, Mama akafahamu, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akaninong'oneza, "Hapana, mwanangu. Safari hii wametenguka wao."

Mwalimu mkuu alifungua daftari la uandikishaji, akashika kalamu, akasita. "Ili mambo yakae sawa," alisema, "aguse sikio. Mkono wowote."

Sikuuinua. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameikunja mikono yake nyuma, yote miwili, kama mtu anayeificha.

"Inua," alisema.

"Upi, Baba?"

"Huohuo."

Niliuinua. Ulipita bega, ukapita utosi, ukapita nywele mahali ulipoishia miaka minne nyuma, na haukuuma popote. Sikio langu la kulia lilikuwa palepale, lina joto, na nililipita hadi kwenye taya.